Vifaa vya kujitengenezea kwa kazi ya bushi, boljointi na shokapu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwenye gari anayependa kushika spana mwenyewe, na wa fundi kijana ambaye mfuko wake bado haujaruhusu seti nzima ya vifaa. Maswali ni yale ninayoulizwa hapa Kigoma, Mwanga mpaka Ujiji, na mengine yanaletwa na madereva wanaoshuka kutoka Tabora na gari linalogonga mbele. Majibu yanalenga zaidi magari yaliyojaa huku: IST, Noah, Probox, Hiace, na Land Cruiser za springi za bapa. Kwa aliye mgeni: bushi ni raba ndani ya ganda la chuma inayokaa kwenye viungo vya miguu ya gari, boljointi ni kiungo cha duara kinachoruhusu gurudumu kugeuka, shokapu ni kinachozuia gari kudunda, na wishboni ni mkono wa chuma unaoshika gurudumu.

Nitajuaje kifaa cha kutengeneza na kifaa cha kununua?

Kabla hujawasha grenda, jiulize: hiki kitu kikikatika kikiwa kazini, nini kitaruka, na mimi nitakuwa nimekaa wapi?

Kifaa kinachovuta au kusukuma polepole kwa uzi wa nati kikishindwa, mara nyingi uzi unachubuka na nguvu inaishia hapo hapo. Unasonya, unatafuta nati nyingine, unaendelea. Hicho tengeneza bila wasiwasi. Lakini kifaa kinachozuia nguvu ambayo tayari imejibana, kama springi iliyokandamizwa, hakikupi nafasi ya kusonya. Vivyo hivyo na kinachobeba gari huku kifua chako kiko chini yake.

Kwa hiyo presi ya bushi, pula (kifaa cha kung'olea), uma wa boljointi, spana maalumu na vipimo: tengeneza. Kikandamizi cha springi: nunua, azima au lipia. Stendi ziko katikati, nimezieleza chini.

Fundi, nina hela ya kutengeneza kifaa kimoja tu. Nianze na kipi?

Presi ya uzi ya kutolea na kuingizia bushi. Huku kwetu bushi ndizo zinazokufa kwanza, na kununua bushi peke yake ni nafuu kuliko wishboni nzima. Tena kifaa hiki hakijali umeme umekatika au upo.

Unahitaji tredi rodi, ile nondo yenye uzi mwanzo mpaka mwisho, au bolti ndefu. Halafu nati, washa nene, na vikombe viwili vya bomba. Kikombe cha kupokea kiwe na tundu kubwa kidogo kuliko unene wa nje wa bushi, ili bushi itumbukie humo inapotoka. Kikombe cha kusukuma kiwe chembamba kidogo kuliko ganda la nje la bushi, ili kipite kwenye tundu la wishboni bila kukwama. Tofauti ya milimita moja au mbili inatosha. Pitisha rodi katikati, weka washa na nati pande zote mbili, shika nati moja kwa spana, zungusha nyingine. Bushi itatembea.

Kinachotenganisha presi inayofanya kazi na ile inayotupwa chini ya benchi ni mambo madogo. Wakati wa kuingiza, kisukumio kiguse ganda la chuma la nje. Kikigusa raba au bomba la katikati, unaichana bushi mpya kabla gari halijatoka uani.

Halafu grisi. Sehemu kubwa ya nguvu ya mkono wako inaliwa na msuguano wa uzi na wa nati juu ya washa. Inayobaki kusukuma bushi ni kidogo mno. Paka grisi kote kuwili. Ukipata beringi kuukuu ya klachi, ile inayosukuma presha pleti, au beringi ya chini ya kingpini ya lori, iweke kati ya nati na washa. Kazi iliyohitaji bomba la mita moja kwenye spana itakuwa nyepesi zaidi.

La mwisho ni ukataji wa vikombe. Midomo yake iwe mraba kabisa. Kisimamishe kikombe juu ya kigae cha sakafu. Kikiyumba, kipige tupa mpaka kitulie. Kikombe kilichokatwa upande kinaingiza bushi upande, na bushi iliyoingia upande inakwangua tundu la wishboni, ambalo hutaweza kulirudisha.

Kama bushi inakaa kati ya masikio mawili ya bati, weka kipande cha bomba lililopasuliwa katikati ya masikio hayo kabla ya kukaza. La sivyo utayakunja, na bushi itabaki ilipo.

Tredi rodi ya dukani ilivutika, uzi ukachubuka. Tatizo ni nini?

Daraja la chuma. Kichwa cha bolti nzuri kina namba: 8.8, 10.9 au 12.9. Namba ya kwanza ukiizidisha mara 100 unapata nguvu ya kukatika kwa kila milimita ya mraba, kwa nyutoni. Namba ya pili inaeleza ni sehemu gani ya nguvu hiyo chuma kinaweza kubeba kabla hakijaanza kuvutika moja kwa moja: 8 ni asilimia 80. Tredi rodi nyingi za kung'aa zinazouzwa kwa kazi za paa na madirisha hazina namba, na uzichukulie kuwa 4.6 au hapo jirani.

Tofauti si ndogo. Rodi ya milimita 12 ya daraja la 4.6 inaanza kuchoka kwenye tani 2 hivi, ya 8.8 inafika tani 5. Ya milimita 14 ni tani 2.6 dhidi ya 7. Ya milimita 16 ni tani 3.6 dhidi ya 9.6. Bushi iliyoshikwa na kutu inaweza kudai tani kadhaa, kwa hiyo rodi ya dirisha inaonewa tu.

Kuna kikwazo kimoja: kwenye Toyota ndogo tundu la katikati la bushi ni la bolti ya milimita 12 au 14, kwa hiyo ile ya 16 haipiti. Wakati wa kutoa, ondoa raba na bomba la katikati kwanza, kisha tumia rodi nene. Wakati wa kuingiza huna ujanja, tumia ya 12 au 14, lakini iwe 8.8 kwenda juu, na nati zake ziwe za daraja linalolingana. Bolti ndefu za lori zilizochomolewa kwenye mashine au chasisi ni chanzo kizuri, mradi uzi ni mzima na bolti haijapinda.

Vikombe navipata wapi bila kwenda kwa fundi wa lethi (mashine ya kukerezea)?

Kwenye ndoo ya vyuma vya gereji yoyote. Gamba la nje la beringi kuukuu ya tairi ni kisukumio kizuri sana. Lisage kidogo kwa grenda pande zote ili lisikwame kwenye tundu. Pini ya pistoni ya lori, kipande cha bomba la propela shafti, soketi kubwa ambayo huitumii, vyote vinafaa. Ila chuma cha beringi ni kigumu na kinavunjika vipande, kwa hiyo ni cha kukandamiza tu. Ukikigonga kwa nyundo kinarusha makombo, na jicho halina spea.

Bomba la maji lililopakwa zinki linafaa kama ni nene. Ukitaka kulichomelea, ondoa zinki kwa grenda kwanza na fanyia kazi hiyo nje kwenye upepo, kwa sababu moshi wake mweupe unaleta homa.

Kwa lethi, lipa pale tu unapohitaji kikombe chenye ngazi, kinachojiweka katikati chenyewe. Ukiwa fundi wa kazi hii kila wiki, hela hiyo inarudi. Karibu kila mji una mtu wa lethi, na anayetaka kujifunza kuchomelea kwa utaratibu aulize VETA, iko Kigoma na Tabora pia.

Bushi ya zamani imegoma kabisa. Niichome moto?

Watu wanafanya hivyo, na harufu yake inafika mtaa wa pili. Mimi sipendi. Moshi wa raba ni sumu, moto unaharibu rangi na kualika kutu, na kama wishboni ni ya aluminiamu umeilainisha bila kujua.

Toboa raba kwa drili mzunguko mzima, sukuma bomba la katikati litoke. Fungua wembe wa msumeno wa chuma, upitishe ndani ya tundu, uufunge tena, kisha likate ganda la nje kutokea ndani. Simama kabla ya kugusa wishboni. Ukiona kina kimebaki kama unene wa karatasi, piga tindo ndogo kwenye mkato na ganda litajikunja lenyewe. Ni kazi ya subira. Dizeli au mafuta ya kulegeza kutu yakilala humo usiku kucha yanasaidia.

Kabla hujatoa chochote, weka alama ya jinsi bushi ilivyokaa. Nyingi zina matundu kwenye raba ambayo lazima yaelekee upande fulani, na urefu unaochomoza kila upande si sawa. Piga picha kwa simu, pima kwa rula, andika.

Nimeweka bushi mpya, zimechanika mapema. Niliuziwa feki?

Huenda. Lakini kwanza niambie: bolti ulizikaza gari likiwa juu ya jeki, miguu inaning'inia?

Bushi nyingi za gari dogo raba yake imegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje. Haizungushi, inajisokota na kurudi. Ukikaza bolti wakati gurudumu linaning'inia, umeifunga raba ikiamini hapo ndipo nyumbani. Ukishusha gari, raba inakaa imesokotwa muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa, na kila shimo la barabarani linaongeza juu yake. Hapo hata bushi ya kampuni haifiki mbali.

Fungia bolti kwa mkono tu gari likiwa juu. Literemshe kwenye magurudumu, litikise, lisogeze mbele na nyuma, ndipo ukaze. Kama huwezi kuingia chini, panda magurudumu juu ya mbao pana na nene zilizopangwa kama ngazi, na kigingi nyuma ya matairi. Kwa kona moja kuna njia nyingine: weka jeki chini ya wishboni karibu na boljointi, inua mpaka umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi uwe sawa na uliopima mwanzoni, kisha kaza. Ndiyo maana futi kamba ni kifaa cha kwanza kushika kabla ya spana.

Na usiingize bushi kwa grisi au oili. Mafuta yanayotokana na petroli, kama hayo, yanavimbisha raba asilia. Maji ya sabuni yanatosha.

Boljointi na tairodi endi (ncha ya fito la usukani): natengenezaje uma wa kutenganishia?

Kwa jani la springi ya lori. Kata kipande cha sentimita 30 hivi, chonga mdomo uwe kabari, kata mfereji katikati upana wa shingo ya boljointi. Unaposaga, chovya kwenye maji mara kwa mara. Chuma kikipata joto kupita kiasi kinapoteza ugumu wake. Usikichomelee mpini. Chuma cha springi kina kaboni nyingi, na kando ya mshono huwa kinapata ufa ambao huuoni mpaka siku kinapokatika. Acha kiwe kipande kimoja, na upande wa kugongea ukianza kuchanua kama uyoga, usage.

Lakini uma unachana kava la raba. Ni wa boljointi unayoitupa. Ile unayotaka kuirudisha, tumia nyundo mbili: legeza nati bila kuitoa, ibaki imeshika uzi kadhaa, egemeza nyundo nzito upande mmoja wa sikio la chuma linaloshika pini, piga upande wa pili kwa nyundo nyingine. Usipige pini wala uzi. Sikio linanyumbuka kidogo, kabari inaachia kwa mlio mmoja. Nati iliyobaki inazuia mkono wa chini usikurukie.

Kama unataka kitu cha kistaarabu zaidi, flati ba mbili nene za milimita 15, bolti ya 8.8 katikati na nyingine nyuma kama egemeo, inatoka pula ya mkasi inayosukuma pini taratibu. Tairodi endi zinatii.

Naweza kukandamiza springi ya shokapu kwa waya, minyororo au ndoano za nondo?

Hapana.

Najua njia yenyewe. Gari linapakiwa watu likiwa chini, springi inajibana, inafungwa kwa waya au kamba, kisha shokapu linachomolewa. Imewahi kufanya kazi kwa watu wengi, na hilo ndilo tatizo lake.

Piga hesabu. Gari la tani moja na nusu, mbele pakibeba zaidi kidogo ya nusu, linaweka karibu kilo 400 kwenye kona moja. Springi ikikandamizwa zaidi ya hapo ili nati ya juu ifunguke, nguvu inaongezeka. Ndoano ya nondo iliyokunjwa inajikunjua. Nondo ya kujengea imetengenezwa kuzikwa kwenye zege. Mshono wa kuchomelea unaovutwa unaachia bila taarifa. Na uso wa fundi, wakati anafungua nati ya juu, uko mahali pale pale springi inapotaka kwenda.

Hata kama ungekuwa mchomeleaji bora mkoani, hiki usikitengeneze.

Basi nifanyeje, na sina kikandamizi?

Kinunue au kiazime. Vile viwili viwili vyenye uzi mrefu na makucha pande zote havina bei ya kutisha, na gereji nyingi zitakukodisha au kukufanyia kazi hiyo moja ukiwapelekea shokapu limeshatolewa. Kutoa na kurudisha shokapu zima kwenye gari unaweza mwenyewe, kwa sababu nati ya juu ya kati hujaigusa na springi bado imefungwa na mwili wa shokapu. Kwa gharama hiyo umeokoa sehemu kubwa ya hela ya fundi.

Ukikitumia mwenyewe: makucha yapingane kabisa, moja hapa na jingine upande wa pili, zungusha kila bolti kidogo kidogo kwa zamu, grisi kwenye uzi, na usitumie mashine ya upepo. Springi ikianza kupinda kama ndizi, simama, rudisha, panga upya. Nati ya juu usiiguse mpaka springi icheze kwa mkono kwenye kiti chake.

Nati ya juu ya shokapu inazunguka pamoja na fito lake. Kuna ujanja?

Upo, na unatengenezwa dakika chache. Ncha ya fito la shokapu mara nyingi ina tundu la spana ya aleni au kingo mbili bapa. Chukua soketi ndefu ya plagi yenye pembe sita juu, ikamate kwa spana ya ringi kutoka nje, pitisha aleni katikati. Unashika fito na kufungua nati kwa wakati mmoja. Kama soketi haina pembe, mwombe mchomeleaji akubandikie nati kubwa juu yake, tundu likibaki wazi.

Usikamate fito kwa plaizi. Mkwaruzo mmoja kwenye sehemu inayoteleza unakula sili, na shokapu jipya linaanza kutoa mafuta.

Stendi za mbao zinatosha, au ni lazima za chuma?

Mbao nzuri inatosha, na mimi naiamini kuliko stendi ya chuma iliyochomelewa uani na mtu asiyejua atabeba nini. Tumia vipande vinene vya mbao ngumu iliyokauka, sentimita 15 kwa 15, urefu nusu mita hivi. Mninga na mtundu zinapatikana Tabora na huku pia. Masalia ya kiwanda cha mbao yanatosha. Panga viwili hivi, viwili hivi, vikikatana. Kimo kisizidi upana wa kitako. Mkaratusi mbichi unapasuka, uache.

Tofali, la saruji au la kuchoma, marufuku kabisa. Halinung'uniki kabla ya kuvunjika. Jiwe pia.

Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Ardhi ya Tabora ni ya kichanga na mitaa mingi ya Kigoma mjini ina mteremko kuelekea ziwani, kwa hiyo weka ubao mpana chini ya jeki, tafuta pahali tambarare, zuia magurudumu yaliyobaki chini pande zote mbili. Gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya chasisi. Kabla ya kuingia, sukuma gari kwa bega kwa nguvu. Kama litaanguka, lianguke sasa.

Nataka kutengeneza presi ya jeki ya mafuta. Chaneli gani?

Kwa jeki ya tani 10, chaneli mbili mbili za milimita 100 kwa fremu na vipingo ni mwanzo wa busara, upana wa ndani usizidi sentimita 50. Boriti ikiwa ndefu, inapinda upesi. La muhimu kuliko unene ni jinsi mzigo unavyopita. Jeki ikisukuma, boriti ya juu inataka kung'oka. Usiiachie mshono peke yake kazi hiyo: toboa nguzo na boriti, zifunge kwa bolti nene au pini za 8.8, mshono uwe wa kuzuia kuyumba tu. Kwa mishono inayobeba, mwambie mchomeleaji atumie fimbo za 7018 zilizo kavu. 6013 za kila siku ni za mageti.

Jeki nyingi za chupa hazisukumi zikigeuzwa kichwa chini, kwa sababu pampu inavuta hewa badala ya mafuta. Isimamishe wima juu ya kipande kinachoning'inia kwa springi za stendi ya pikipiki, isukume boriti ya juu, na kipande hicho kishuke kwenye kazi: jeki inakaa juu ya kipande kinachoshuka na kichwa chake kinaegemea boriti ya juu. Simama pembeni ya presi, si mbele yake, na weka bati mbele ya kazi. Mafuta yakipungua ongeza ya haidroli. Mafuta ya breki yanaharibu sili zake.

Sina spana ya kupimia mkazo. Nikaze kwa hisia?

Hisia za mtu mwenye bomba la mita moja ni hatari. Mtu wa kilo 70 akining'inia kwenye ncha ya bomba hilo anatoa karibu Nm 690 (nyutoni-mita, kipimo cha mkazo), na nati za tairi za Toyota ndogo zinataka 103 tu.

Tafuta mzani wa ndoano, ule wanaotumia wachuuzi wa samaki Kibirizi na wauza asali Tabora. Fungia ndoano kwenye mpini wa spana, pima umbali kutoka katikati ya nati hadi kwenye ndoano, vuta kwa pembe mraba. Kilo unazotaka ni Nm ulizoambiwa, gawanya kwa 9.8, gawanya tena kwa umbali kwa mita. Kwa Nm 103 na mpini wa nusu mita, unavuta mpaka mzani usome kilo 21. Vuta kwa ulalo ili uzito wa mpini usiingie kwenye hesabu, na usiendeshe mvuto kwa kushtukiza.

Una shaka na mzani? Ning'iniza ndoo tupu, soma. Jaza lita 20 za maji, soma tena. Tofauti iwe kilo 20.

Alaimenti ya kamba (kunyoosha magurudumu kwa uzi) ni ya kweli au hadithi?

Ni ya kweli kwa kukufikisha kwenye mashine bila kula matairi. Siku ya kubadilisha tairodi endi, kwanza pima na hesabu mizunguko unapoitoa, mpya uirudishe hapo hapo. Kisha funga uzi wa nailoni wa nyavu pande zote mbili za gari kwa kimo cha katikati ya gurudumu, usukani ukiwa umenyooka na umefungwa. Uzi uwe umbali sawa kutoka kwenye habu za mbele kulia na kushoto, na sawa kwenye za nyuma kulia na kushoto. Mbele na nyuma si lazima zilingane, kwa sababu upana wa ekseli unatofautiana. Halafu pima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu mbele, na hadi ukingo wa rimu nyuma. Tofauti ndiyo inayokuambia gurudumu linatazama ndani au nje. Magari mengi madogo yanataka sifuri au milimita chache za kutazama ndani.

Magurudumu ya mbele yasimamishe kila moja juu ya vigae viwili vyenye grisi katikati, yaweze kuteleza unaporekebisha. Mlalo wa juu na chini, yaani gurudumu kuegemea ndani au nje, unapimwa kwa timazi ya fundi mwashi ikining'inia mbele ya rimu. Kama bolti mbili za chini za shokapu zinaruhusu mlalo kubadilika, zipake alama ya rangi ya kucha kabla ya kuzifungua.

Hiace na Land Cruiser je?

Hiace za zamani mbele zina fito la kusokota badala ya springi. Weka alama kwenye meno yake na pima urefu wa uzi wa bolti ya kurekebishia kabla ya kulegeza. Fito hilo nalo lina nguvu iliyojibana, kwa hiyo lilegeze kwa bolti yake, taratibu, usilifungue kwa mkato. Springi za bapa za nyuma ni rafiki wa presi ya uzi: bushi za shakeli (kiungo kinachoning'iniza springi) zinatoka na kuingia kwa rodi ile ile. Ukizitoa, ekseli ibebe kwenye mbao zake, na chasisi kwenye zake.

Kuna chuma ambacho nisikiguse sokoni?

Kipande cha reli, pleti zake na bolti zake. Ni fuawe nzuri, kila mtu Tabora na Kigoma anajua, lakini ni mali ya reli, na kukutwa nacho ni kesi. Kipande cha chasisi ya lori kinafanya kazi ile ile.

Shokapu kuukuu pia. Fito lake linavutia kama kigongeo, ila nyingi zina gesi ya naitrojeni yenye presha. Kulikata kwa grenda au kulichomelea ni kuomba ajali.

Nivitunzeje?

Chora kwa ncha ya grenda kwenye kila kikombe: gari gani, bushi ipi, upande wa kusukuma. Baada ya miezi mitatu hutakumbuka. Rodi zifute, zipake grisi, zitie ndani ya bomba la plastiki lenye vifuniko, maana vumbi la kiangazi kwenye uzi ni msasa. Nati ikiacha kutembea kwa vidole mwanzo hadi mwisho, rodi imevutika. Ikate vipande vifupi kabla ya kuitupa, kijana wa jirani asije akaiokota na kuiweka kazini.